Programu Ikiandika Kikao, Nani Anatia Saini Muhtasari?

Siku hizi ukiingia kwenye kikao cha mtandao, kabla mwenyekiti hajafungua, utaona kwenye orodha ya waliohudhuria kuna jina moja la ziada. Halina sura, halisalimii, na hakuna anayekumbuka kulialika. Ni programu ya mmoja wa wajumbe. Ameiunganisha na kalenda yake, basi kila kikao anachoitiwa nayo inaingia, inasikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha inamtumia maandishi ya yote yaliyosemwa, ufupisho wa nusu ukurasa, na orodha ya nani kapangiwa kazi gani. Nyingine hazimtumii yeye peke yake. Zinawatumia wote walioalikwa, hata waliotoa udhuru, na hata yule mgeni aliyeitwa kwa ajenda moja akatoka.

Hapa Dodoma jambo hili linatugusa sana. Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia huku, na wizara zikaja kujenga katika eneo la Mtumba, sehemu kubwa ya kazi ya mji huu imekuwa vikao: vya menejimenti, vya kamati, vya wadau, vya tathmini ya robo mwaka. Baadhi ya wajumbe wako mezani, wengine wako kwenye skrini kutoka Dar es Salaam, Kondoa au Mpwapwa. Mtu wa kuyaandika yote hayo hapatikani kirahisi. Ndiyo maana programu hizi zimeingia maofisini bila barua na bila kujadiliwa, kila mtu na yake.

Ukiuliza kama zinafaa, utajibiwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza watakwambia zinaokoa muda, anayezikataa amechelewa. Wa pili watakwambia zinatupeleleza. Wote wana hoja, ila hawasikilizani, kwa sababu wanabishania vitu vitatu tofauti kana kwamba ni kimoja. Tuvitenganishe kwanza.

Sauti, nukuu na muhtasari

Kuna sauti yenyewe iliyorekodiwa. Kuna nukuu, yaani maneno yote yaliyosemwa yakiwa kwenye maandishi. Halafu kuna muhtasari wa kikao.

Mfano mzuri wa nukuu tunao mjini hapa hapa. Taarifa Rasmi za Bunge, ambazo wengi tunaziita Hansard, zinachukua hotuba ya mbunge kama alivyoitoa. Ukizisoma unakuta hata makofi na vicheko vimewekwa kwenye mabano, na mahali pengine imeandikwa kwamba hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Zimekusudiwa ziwe hivyo, kwa sababu mwananchi ana haki ya kujua mwakilishi wake alisema nini. Na bado hazijiandiki zenyewe: kuna watumishi wanaozishughulikia, na Spika anaweza kuamuru maneno fulani yaondolewe kwenye kumbukumbu.

Muhtasari ni kitu kingine kabisa. Kila aliyewahi kuuandika anaujua mpangilio wake: waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda moja baada ya nyingine, mengineyo, kufunga. Hausemi nani alipandisha sauti. Unasema nini kilijadiliwa, nini kiliazimiwa, nani atatekeleza na lini. Na zaidi ya hapo, muhtasari ukishaandikwa bado ni rasimu. Unapata nguvu pale kikao kinachofuata kinapousoma, mjumbe mmoja akasema "ukurasa wa tatu, mimi sikusema hivyo", ukasahihishwa, ukathibitishwa, kisha mwenyekiti na katibu wakatia saini.

Saini hizo mbili zinabeba mambo mazito. Kijijini, mtu akidai amegawiwa ardhi, kinachotafutwa kwanza ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji na orodha ya mahudhurio iliyoambatishwa. Kazini, mtu akiachishwa na akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kumbukumbu za kikao cha nidhamu ndizo zitakazoangaliwa: je, alielezwa tuhuma, alipewa nafasi ya kujitetea, nani walikuwepo? Muhtasari ni makubaliano ya watu kuhusu kilichotokea kati yao, na kuna mtu wa kuulizwa kama si kweli.

Sasa, programu hizi zinarekodi sauti na kuandika nukuu. Hayo ni mambo mawili ambayo mashine inaweza kuyafanya, vizuri au vibaya. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho inakuletea kitu kilichopangwa kama muhtasari, chenye vichwa, maazimio na majina ya watekelezaji, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Kinafanana na muhtasari, ila hakuna aliyekubaliana na mwenzake juu yake.

Aliyeinama kwenye daftari

Nianze na faida, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ni kubwa kuliko inavyosemwa.

Zamani kuandika kikao kulikuwa ujuzi wenye shule yake. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi ya katibu mahsusi serikalini yalidai awe amefaulu hatimkato, yaani mwandiko wa haraka wa alama, ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika moja, na Chuo cha Uhazili Tabora kimewafundisha wengi. Katibu wa namna hiyo aliweza kumfuata mzungumzaji neno kwa neno kwa alama zake, kisha akaketi kwenye mashine ya chapa na kuyapanga. Leo wanaoandika mihutasari wengi hawajawahi kuiona hatimkato. Ni mhasibu, ni afisa ugavi, ni yule aliyeajiriwa juzi. Mara nyingi sana ni binti. Mwenyekiti anazungusha macho mezani, anasema "dada, utatusaidia kuandika", na hapo ushiriki wake unakuwa umekwisha.

Kwa sababu anayeandika hazungumzi. Akitaka kuchangia, kalamu inasimama, na akirudi kwenye daftari wenzake wameshasonga mbele sentensi nne. Kwa hiyo anaamua kunyamaza. Katika kikao cha watu sita, mmoja aliyeinama kwenye daftari saa mbili nzima hayupo, na kama ndiye anayezijua takwimu za mradi kuliko wote, kikao kimeamua bila yeye. Programu inayoandika nukuu inamwinua kichwa. Hilo peke yake linatosha kunifanya nisikubaliane na wanaotaka zipigwe marufuku.

La pili ni ucheleweshaji. Sote tunajua muhtasari unaotoka jioni ya kuamkia kikao kinachofuata. Katibu alikuwa na kazi zake nyingine, daftari likakaa, wiki tatu zikapita, na alipolifungua hakuelewa tena mwandiko wake mwenyewe. Ajenda ya yatokanayo inafika, na waliopangiwa kazi wanaona majina yao kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Nukuu ikiwepo saa ileile kikao kilipofungwa, rasimu inaweza kuandikwa siku hiyohiyo, wakati kumbukumbu za watu bado zina joto.

La tatu halitajwi sana maofisini kwetu, nalo ni mwenzetu asiyesikia vizuri. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, lakini mtumishi kiziwi katika kikao cha kawaida bado anategemea jirani amwandikie kijikaratasi. Maneno yakitokea kwenye skrini kadiri watu wanavyozungumza, hata yakiwa na makosa, anafuata mjadala pamoja na wengine badala ya kusimuliwa ukiisha.

Na tusisahau kwamba taasisi kubwa zimeshaiona faida hiyo. Mahakama ya Tanzania imeingiza mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri yanayosemwa mahakamani, ili kuwapunguzia majaji na mahakimu mzigo wa kuandika ushahidi kwa mkono. Ila tazama tofauti: ule ni mfumo uliochaguliwa na taasisi, kwa kazi inayojulikana, na hakimu yupo wa kusoma kilichoandikwa na kuwajibika nacho. Si programu ya bure iliyopakuliwa na mjumbe mmoja usiku wa jana.

Mashine inasikiaje Kiswahili

Kazi inapita hatua tatu. Kwanza programu inakatakata sauti na kujaribu kutambua nani ni nani: huyu ni msemaji wa kwanza, huyu wa pili. Halafu inageuza sauti kuwa maneno. Mwisho, mfumo mwingine wa akili mnemba unachukua yale maneno na kuyafupisha. Kosa la hatua ya kwanza linarithiwa na ya pili, na la pili linarithiwa na ya tatu. Hatua ya tatu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inaandika kwa lugha laini. Nukuu mbovu unaiona ni mbovu. Ufupisho uliotokana na nukuu mbovu unasomeka vizuri tu.

Mifumo hii hujifunza kwa kusikilizishwa. Whisper ya kampuni ya OpenAI, iliyotolewa Septemba 2022 na kutumika ndani ya programu nyingi, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa 117,000 ndizo zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza. Kiswahili kimo katika hizo 96, kinapanga foleni pamoja na Kijerumani na Kihispania, ambazo zina sauti nyingi zaidi mtandaoni. Juhudi za kuongeza zipo: kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, watu wa kawaida wanajitolea kusoma sentensi za Kiswahili ili mashine zijifunze. Lakini kusoma sentensi chumbani kimya si sawa na kikao.

Hata lugha yenye sauti nyingi kuliko zote, yaani Kiingereza, haiwatendei haki wasemaji wake wote. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Allison Koenecke waliipima mifumo ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft kwa sauti za Wamarekani. Kwa wazungumzaji weupe makosa yalikuwa kiasi cha maneno 19 katika kila 100; kwa weusi yalikuwa 35. Lugha ni ileile, nchi ni ileile. Basi fikiria meza moja ya Dodoma ambapo mmoja anazungumza Kiswahili chenye Kigogo ndani yake, mwingine Kirangi, mwingine amelelewa Pemba, na mkurugenzi kila sentensi ya tatu anachomeka Kiingereza. Feni inazunguka juu. Simu moja iko katikati ya meza, na anayeongea mwishoni kabisa anasikika kwa mbali. Mvua ya Januari ikipiga bati, hata binadamu anashindwa.

Majina ya mahali ndiyo ya kwanza kuharibika. Ntyuka, Chigongwe, Mpunguzi, Iyumbu: mashine haijawahi kuyasikia, hivyo inaweka neno lililo karibu nayo. Hayo yanakera lakini yanaonekana, na katibu atayasahihisha kwa dakika chache. Kosa ninaloliogopa ni lile lisiloonekana.

Chukua kikao cha ushirika wa wakulima wa zabibu. Mweka hazina anasema: "Mwenyekiti, hizo milioni nane za pembejeo hatutazitoa mpaka mkaguzi amalize." Katika lugha yetu, kukataa kote huko kumebebwa na silabi moja, "ha", ambayo ni pumzi tu, tena imekuja baada ya "pembejeo" bila kituo. Feni ikiimeza, pamoja na neno "mpaka", nukuu inasomeka: "hizo milioni nane za pembejeo tutazitoa, mkaguzi amalize". Mfumo wa kufupisha unakuja nyuma yake na kuandika kwa ufasaha kwamba kikao kimeridhia kutoa shilingi milioni nane za pembejeo, mtekelezaji mweka hazina. Maneno mawili tu ndiyo yaliyokosewa. Azimio limepinduka.

Hapa ndipo tangazo la "usahihi wa asilimia 95" linapopotosha. Kikao cha saa moja kwa mwendo wa maneno 100 kwa dakika kina maneno 6,000. Asilimia 5 ya hayo ni maneno 300. Kipimo kinahesabu kila neno kwa uzito uleule: herufi iliyokosewa katika jina la kata ni kosa moja, na "ha" iliyopotea ni kosa moja. Kwa mweka hazina si mamoja.

Kuna na saa. Miradi mingi hapa mjini ina wafadhili, na wafadhili wanataka taarifa kwa Kiingereza, kwa hiyo watu wanaiagiza programu iandike ufupisho kwa Kiingereza moja kwa moja. Kikao kijacho Jumatatu saa nne asubuhi, maana yake saa ile jua limeshapanda, kinaweza kuandikwa kuwa ni alfajiri, nambari 4. Mkurugenzi mwanamke anageuzwa mwanamume kwa sababu "yeye" ya Kiswahili haikusema, na mashine ikalazimika kubuni.

Kubuni huko kuna wakati kunavuka mpaka. Mwaka 2024 Koenecke na wenzake walichapisha utafiti mwingine, safari hii kuhusu Whisper, wakakuta kwamba kiasi cha asilimia 1 ya vipande vya sauti vilirudi na virai au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema. Asilimia 38 ya uzushi huo ulikuwa na jambo la kudhuru ndani yake, kama vurugu au habari za uongo kuhusu watu. Ulitokea zaidi kwa watu wenye matatizo ya kuzungumza, ambao wanasitasita na kunyamaza kwa muda kati ya maneno. Vikao vyetu vina kimya kingi cha namna hiyo. Mzee anaulizwa swali, anafikiri, wote wanasubiri. Sisi tunakisoma kile kimya. Mfumo unaotabiri maneno unaweza kukijaza.

Halafu kuna maneno ambayo yamesikika sawasawa na bado yameandikwa vibaya. Mwenyekiti akisema "hilo tumelipokea, tutalifanyia kazi", walio mezani wanajua kwa sauti yake kama limekubaliwa au limewekwa pembeni kwa heshima. Programu inaliweka kwenye orodha ya kazi, na jina la mwenyekiti mbele yake. Mwezi ujao mtu analiuliza kwenye yatokanayo, na mwenyekiti anajikuta anajitetea kwa ahadi ambayo hakuitoa.

"Hili usiliandike"

Katika kila ofisi niliyokaa, kuna dakika mtu anamgeukia katibu na kusema: hili usiliandike. Kalamu inawekwa chini. Anaeleza kwamba mtumishi fulani anachelewa kazini kwa sababu anamuuguza mama yake, au kwamba mkandarasi fulani ana undugu na mtu mkubwa, au anakubali tu kwamba hajaielewa hesabu. Kikao kinapata kinachokihitaji ili kiamue kwa utu na kwa busara, kisha kalamu inainuliwa tena.

Najua dakika hiyo inatumiwa vibaya pia. Wapo wanaoagiza jambo lisiandikwe ili lisiwapate baadaye, na kumbukumbu kamili ingewazuia. Mfanyakazi aliyetukanwa kikaoni angefurahi kuwa na sauti. Sipuuzi hoja hiyo. Kwa mnyonge, rekodi inaweza kuwa shahidi pekee aliyenaye. Lakini nikipima nikiwa hapa nilipo, naona hasara ya kuifuta dakika hiyo ni kubwa zaidi katika vikao vya kila siku. Watu wakijua kila pumzi inarekodiwa hawawi wakweli zaidi. Wanaanza kuhutubia. Mdogo kazini, ambaye tayari alikuwa anaogopa kumpinga bosi, sasa anaogopa kumpinga bosi kwa maandishi. Mazungumzo ya kweli yanahamia korido na kwenye chai ya saa nne, na kikao kinabaki mahali pa kusoma yaliyokwisha kuamuliwa.

Swali la nani anayo sauti hiyo ni zito vilevile. Programu nyingi hazifanyi kazi ndani ya kompyuta yako. Sauti inasafiri hadi kwenye seva za kampuni, aghalabu nje ya nchi, na inakaa huko kwa masharti ambayo mtumiaji alibofya kukubali bila kuyasoma. Agosti 2023 Zoom ilijikuta kwenye malalamiko makubwa baada ya watumiaji kugundua masharti yake yanaweza kuruhusu yanayosemwa yatumike kufundisha akili mnemba, ikalazimika kuyabadilisha. Agosti 2025 kampuni ya Otter.ai ilifunguliwa kesi katika mahakama ya shirikisho huko California, kwa madai kwamba programu yake ilirekodi mazungumzo ya watu wasiotoa ridhaa na kuyatumia kuboresha mifumo yake. Aliyelalamika hakuwa mteja wao. Alikuwa upande wa pili wa mazungumzo, nafasi ambayo yeyote kati yetu anaweza kujikuta nayo.

Na kwetu sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kwa lugha nyepesi, sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, aelezwe, zisichukuliwe zaidi ya zinazohitajika, zitunzwe kwa usalama, na zisipelekwe nje ya nchi ila kwa masharti. Sauti ya mtu anayetambulika, ikiwa na jina lake na maoni yake, imo humo. Kikao kikigusa afya ya mtumishi, ulinzi unaotakiwa ni mkubwa zaidi. Mjumbe mmoja anayeingiza programu yake binafsi katika kikao cha ofisi anafanya uamuzi huo kwa niaba ya wote bila kuwauliza, na mwajiri ndiye atakayeulizwa.

Ningepanga hivi

Ofisi ikiniomba ushauri, ningesema kwanza: kuwe na programu moja iliyochaguliwa na ofisi, na zile za watu binafsi ziondolewe kikaoni kabla ya kufungua. Mwenyekiti aseme wazi kwamba kikao kinanukuliwa, kwa kazi gani, na nani ataiona nukuu. Kama kuna asiyeridhia, katibu aandike kwa mkono siku hiyo. Kutuma kiotomatiki kwa walioalikwa kuzimwe; hiyo ni sehemu ya mipangilio ambayo watu hawaigusi, na ndiyo inayovujisha zaidi.

Vikao vya nidhamu, zabuni, mishahara, usuluhishi na afya visiguswe kabisa na programu ya nje. Huko ni hatimkato, daftari, au kinasa sauti cha ofisi kinachofungiwa kabatini.

Katika vikao vilivyobaki, jambo moja dogo lingebadilisha mengi. Kabla ya kufunga, katibu asome maazimio kwa sauti, moja moja, kwa sentensi kamili: "Azimio la pili: kikao hakijaridhia kutoa milioni nane za pembejeo, zitasubiri taarifa ya mkaguzi. Mtekelezaji ni mweka hazina." Wajumbe wanaitikia au wanakosoa palepale. Inachukua dakika tano. Mashine inapata maneno yaliyotamkwa taratibu na mtu mmoja aliye karibu na maiki, na binadamu wanapata nafasi ya kukubaliana wakiwa bado wamekaa. Kisha rasimu ya muhtasari inaandikwa na mtu kwa kuanzia kwenye maazimio yale, akirudi kwenye nukuu pale tu anapohitaji kukumbuka hoja. Ufupisho wa mashine asiufungue kabla hajaandika wake. Ukishausoma, macho yanakataa kuona kingine.

Binti aliyekuwa anaandika naye apewe ajenda ya kuwasilisha. La sivyo tumempunguzia kuandika tukamwongezea kusahihisha maneno 300, peke yake, usiku.

Limebaki suala la kufuta. Kampuni binafsi, chama au kikundi cha VICOBA kinaweza kujiwekea utaratibu kwamba sauti na nukuu vinafutwa muhtasari ukishathibitishwa na kutiwa saini, isipokuwa kuna shauri linaloendelea. Huo ni utaratibu mzuri, kwa sababu kinachobaki ni kile watu walichokubaliana. Ofisi ya umma haina uhuru huo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za umma ziteketezwe kwa uamuzi wa mtu tu. Kuna ratiba na idhini zake. Rekodi ya kikao iliyofanywa kwa kazi ya ofisi inaweza kuhesabika kuwa kumbukumbu ya umma, na nakala yake ikiwa kwenye seva ya kampuni ya nje, kuitunza na kuiteketeza kwa utaratibu vyote vinakuwa mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo mtunza kumbukumbu wa taasisi, ambaye kwa kawaida huitwa mambo yakishaharibika, ndiye wa kuketishwa na mtu wa TEHAMA siku programu inapochaguliwa, na swali lake la muda wa kutunza lijibiwe kwa maandishi kabla ya mtu kubofya kitufe cha kurekodi.